Muhuri wa Tabitha

Sehemu ya tisa

Jumamosi iliyopita mliniacha nimekaa mezani, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, na mbele yangu kitu kimefunikwa kwa kitambaa cha kijani. Leo nakifunua. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Kwa mlioanza kunisoma leo: mimi ni Enid Shirtcliffe wa Sheffield. Miaka ishirini na sita nilikuwa mng'arishaji, nimesimama mbele ya gurudumu, magazeti yamefungwa miguuni na kitambaa chekundu kichwani, nasugua vijiko vya watu wanaokula vizuri kuliko mimi. Vidole vilipoingia ganzi, wakaniachisha kazi. Mume wangu Walter naye akaondoka na mama wa duka la chipsi. Kisha mama yangu akafariki, na siku ya mazishi yake kijiko cha ukoo kikapotea kwenye droo.

Hicho kijiko ndicho kilichonifikisha hapa. Kilifuliwa mwaka 1786 na Tabitha Shirtcliffe, bibi wa bibi zetu, mjane aliyesajili muhuri wake mwenyewe: herufi T na S ndani ya umbo la uru, kama la kwenye karata. Kila mtoto wa ukoo wetu alilishwa chakula chake cha kwanza kwa kijiko hicho.

Kilipopotea sikungoja kuuliza. Nilisimama katika ukumbi wa kanisa, mkate wa nyama ya nguruwe mkononi, nikamwita wifi yangu Noreen, mke wa kaka yangu, mwizi mbele ya waombolezaji wote. Nikaeleza kijiko kilivyo, muhuri wake, uzito wake, nikasema ni changu, mama aliniachia mimi. Noreen alichukua kofia yake akatoka. Hatukusalimiana miaka miwili.

Baada ya hapo Bwana Thackwray, muuza vyombo kuukuu vya fedha, akaniajiri nimng'arishie mali yake. Mng'arishaji huijua mihuri kwa kidole gumba, kwa sababu ni mwiko kuisugua. Unaifunika kwa gumba huku gurudumu likizunguka. Polepole nikaacha kung'arisha nikawa msomaji wa mihuri. Mimi nasema, yeye anasaini.

Na miaka hiyo yote nilikuwa na kiu moja. Wataalamu wa vyombo vya fedha walikuwa wakisema Tabitha hakufua kitu, alikuwa mjane wa kutia jina tu kwenye kazi za wanaume. Sababu yao? Hakuna chombo chake kikubwa kilichowahi kuonekana. Nilitaka kimoja tu, nikiweke mbele ya pua zao.

Haya. Kitambaa.

"Ligeuze chini, Bi Enid," Bwana Thackwray alisema. "Na usilie."

Lilikuwa birika la kahawa, refu, kiuno chembamba, kishiko cha mbao nyeusi. Pembeni yake alisimama Bi Pinder wa makumbusho ya mji, mkoba kifuani, hapumui.

Nikaligeuza. Mihuri mitano chini ya kitako.

"Huyu simba anayetembea, mguu mmoja juu, maana yake fedha ni halisi," nikasema. "Taji, limepimwa hapa hapa Sheffield. Herufi ya mwaka ni ya 1786. Kichwa cha mfalme, kodi imelipwa. Na huu wa mwisho..."

Nikaweka gumba juu yake.

"Wa nani?" Bi Pinder aliuliza.

"Wa bibi yangu."

Nililia. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nimelia juu ya birika. Bi Pinder akanipa leso.

"Tutaliweka kwenye kabati la kioo mlangoni," alisema. "Kila anayeingia atalisoma jina lake."

"Lake mwenyewe? Si la marehemu mume wake?"

"Lake mwenyewe, Bi Enid."

Bwana Thackwray akanisogezea karatasi ya uthibitisho. Siku zote anasaini yeye. Siku hiyo akanifungulia kalamu yake ya wino na kunishikisha. "Hii ni haki yako," alisema. "Nani anayemjua Tabitha kama wewe?"

Nikaona nimepewa heshima. Nikasaini jina langu lote, na mkia nikauchora. Mjinga mkubwa mimi.

Bi Pinder akaondoka na karatasi yake; birika lingechukuliwa kesho yake. Bwana Thackwray akamsindikiza hadi mlangoni, nami nikabaki kulifunga kitambaa.

Wang'arishaji tuna tabia moja. Hatuwezi kuweka chombo kabatini bila kukipulizia pumzi na kukipangusa. Haa, halafu gumba. Ni pumzi ile ile ambayo msomaji wa mihuri anatakiwa kuanza nayo kabla ya kusema neno lolote, na mimi siku hiyo nilianza na machozi.

Nikapuliza. Haa.

Mvuke ukatanda chini ya birika, na kabla haujakauka nikaona mstari. Kisha mwingine. Mistari minne, imechora mpaka wa kipande chembamba kama kidole, imeizunguka mihuri yote mitano. Fedha na lehemu hazishiki mvuke sawasawa. Jicho halioni kitu, pumzi inaona.

Nikapuliza tena. Mistari ikarudi.

Mihuri ya kijiko hupangwa mstari mmoja, kwa sababu mpini ni mwembamba. Chini ya birika kuna nafasi tele, fundi hugonga mmoja hapa na mwingine pale. Hii ilikuwa imepangwa mstari, kama watoto wanaongoja chanjo. Ningekuwa na akili zangu ningeliona hilo mara moja. Siku nyingine yoyote ningeliona!

Kisha nikaona mkwaruzo.

Juu ya taji, upande wa kushoto, mkwaruzo mfupi wenye ndoana mwishoni. Kaka yangu Clifford akiwa na miaka tisa alitaka kufungua kopo la molasi, akachukua mpini wa kijiko cha ukoo akabandua nao mfuniko. Kijiko kikateleza kwenye ukingo wa bati. Mama alimchapa kwa kijiko hicho hicho, na jikoni kulinuka molasi hadi Jumapili. Mkwaruzo ule naujua kama kovu la goti langu.

Walikuwa wamekikata kijiko cha mama yangu. Kazi pekee ya kweli ya Tabitha iliyobaki duniani wameikata vipande ili kutengeneza ya uongo. Na mimi nimeisainia.

Bwana Thackwray akarudi, anasugua mikono.

"Chai, Bi Enid?"

"Umekata kijiko cha mama yangu, nyang'au wewe."

Hakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Alikaa, akavuta suruali magotini isijikunje.

"Mimi sijui hata kushika tupa," alisema. "Birika ni la zamani kweli, lilikosa muhuri tu. Kijiko ni cha zamani kweli, kilikuwa kidogo tu. Watu wamekutanisha ndugu wawili."

"Watu gani?"

"Wewe ndiye mwenye jicho. Tazama lehemu hiyo uniambie ni mkono wa nani."

Sikutaka kutazama. Nikatazama. Lehemu ilikuwa imepitishwa kwa ndani, kisha uso wa nje ukapigwa nyundo ndogo mpaka ukasahau kwamba uliwahi kukatwa. Baba yetu ndiye aliyelehemu hivyo. Alifundisha mtu mmoja tu.

"Clifford," nikasema.

"Sikulisikia hilo," alisema Bwana Thackwray. "Ila karatasi iko makumbusho, ina jina la nani? Langu?"

Kalamu yake ya wino! Heshima yangu! Nikalifunga birika kwenye kitambaa cha kijani, nikalibana kwapani.

"Weka chini hicho chombo!"

"Njoo ukichukue."

Hakuja. Alinyanyua simu tu. Nilidhani anampigia Bi Pinder, nikasema moyoni mwache ampigie, na nikatoka kwa kubamiza mlango hadi kengele yake ikaanguka.

Karakana ya Clifford iko juu ya ngazi za nje, kwenye ua wa mafundi. Nilipanda mbili mbili. Alikuwa amekaa kwenye benchi, koleo mkononi, mbele yake hakuna kazi yoyote. Alipoona kitambaa cha kijani alisimama.

"Dada, ngoja nikueleze."

"Nipe kilichobaki."

"Enid..."

"Nipe kilichobaki, Cliff, kabla sijaivunja hii karakana!"

Akafungua kopo la tumbaku. Ndani kulikuwa na kichwa cha kijiko, na kipande cha ncha ya mpini. Katikati hakuna kitu. Kile tulicholishwa nacho sisi sote, baba yetu, baba wa baba yetu, kimelala kwenye makombo ya tumbaku.

"Ulikichukua siku ya mazishi?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mama hajapoa!"

"Nilikichukua kiwe ukumbusho tu. Nakuapia. Hakikuwa cha kukatwa. Kisha kazi ikakauka, dada, tangu Pasaka sijashika hata kishiko cha kutengeneza. Thackwray akaja. Akasema atanipa kazi ya mwaka mzima." Akameza mate. "Akasema utafurahi."

"Nitafurahi?"

"Si wewe uliyekuwa ukilia kila Krismasi kwamba Tabitha hana chombo kikubwa? Nikasema basi, nimtengenezee. Nililehemu kama nalehemu kwa ajili yako."

Nilimpiga kofi. Sijutii. Ningekuwa na nguvu za zamani ningempiga la pili.

"Mpige tena, upande ule umebaki," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Noreen, bakuli la chakula cha mume wake limefungwa kwa kitambaa, mvuke unatoka. Mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu ukumbi wa kanisa. Alinitazama mimi, akatazama birika, akatazama kopo la tumbaku, akaliweka bakuli chini.

"Kwa hiyo umejua," alisema.

"Wewe ulijua?"

"Tangu usiku wa mazishi. Kilianguka kutoka kwenye koti lake nikimtundikia."

"Na ukaniacha nikuite mwizi miaka miwili?"

"Ungenisikia, wifi? Mdomo wako ulivyokuwa umefunguka siku ile, hata kengele ya kanisa usingeisikia."

Nilipaswa kusema nisamehe, hapo hapo, bila kupoteza dakika. Neno lilifika kooni likakaa. Nimezaliwa hivyo, najua kukasirika kuliko kitu kingine chochote. Badala yake nikamgeukia Clifford.

"Nakwenda ofisi ya mihuri. Sasa hivi."

"Ni jela, Enid! Kuhamisha muhuri si faini, ni jela!"

"Ungelifikiria hilo kabla ya kushika msumeno."

"Mimi ni damu yako."

"Na Tabitha ni nani, maji?"

Akakaa chini, akaficha uso mikononi. Nilitaka kumhurumia lakini nilikuwa nimeshika kichwa cha kijiko mkononi, na kila nikikibana hasira inapanda upya. Jina la mwanamke lilidharauliwa miaka karibu mia mbili, na aliyelizika kabisa ni wa ukoo wake.

Noreen alikuwa anafunga vifungo vya koti lake.

"Nitakwenda naye," alimwambia mumewe. "Mtu asiingie pale peke yake. Kula, chakula kinapoa."

Tulitembea bega kwa bega, yeye amebeba birika, mimi kijiko mfukoni. Kwenye kivuko cha barabara alinishika kiwiko gari lilipokaribia. Nami, mjinga wa kuzaliwa, nikafikiri: huyu ndiye dada niliyenyimwa, na nimemfanyia nini?

Ofisini, fedha zote za mji zinakopimwa na kugongwa muhuri, alikuwapo Bwana Outram, mpimaji mwenye nyusi nyeupe, aliyewahi kupokea mabeseni ya vijiko mikononi mwangu nilipokuwa msichana wa gurudumu. Aliniitikia kwa kichwa tu. Sikulijali hilo.

"Hii mihuri imehamishwa," nikasema na kulifunua birika juu ya kaunta. "Ipulizie."

Akaligeuza, akainama. Haa. Tukaona wote watatu mistari ikijitokeza na kufifia.

"Naona," alisema.

"Na ilikotoka ni hapa!" Nikachomoa kichwa cha kijiko na ile ncha, nikavibwaga mbele yake vikalia. "Hiki ni kijiko changu. Mama aliniachia mimi. Muulize mtu yeyote mji huu, kila mtu anajua ni changu!"

Bwana Outram akavigeuza vile vipande kwa kidole. Kisha akafungua daftari.

"Nashukuru, Bi Enid. Hilo ndilo lililokuwa limebaki."

"Limebaki nini?"

"Bwana Thackwray amenipigia simu muda si mrefu. Anasema wewe ndiye uliyempelekea birika, ukamwambia ni urithi. Anasema alitia shaka lakini ukasaini mbele ya mtu wa makumbusho. Na Bi Pinder amethibitisha sahihi ni yako."

Kumbe simu ile alimpigia huyu. Nilishika ukingo wa kaunta.

"Mwongo! Kijiko kiliibwa! Kiliibwa siku ya mazishi ya mama!"

"Uliripoti polisi?"

"Sikuripoti. Nilidhani namjua mwizi. Nilisema ukumbini."

"Ulimtaja nani?"

Ni Noreen aliyejibu, kwa upole, anavua glavu zake.

"Mimi."

Bwana Outram akainua nyusi. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaweka kalamu chini.

"Basi wewe ndiye wa kutusaidia, bibi. Kijiko hiki kiliibwa au hakikuibwa?"

Noreen aliweka glavu zake juu ya kaunta. Alinigeukia mimi. Macho yake hayakuwa na hasira hata chembe, na nilipaswa kuogopa hapo.

"Ulinitaja mbele ya watu, wifi. Nitaje tena mbele ya huyu bwana. Mimi ni mwizi?"

"Noreen, si sasa..."

"Ni sasa."

Makarani wawili walikuwa wameacha kazi. Nikaona hii ndiyo haki yake, na nimemnyima miaka miwili, na hata kule karakana nilimnyima. Nikalivuta lile neno kutoka kooni, likatoka na machozi.

"Si mwizi," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Wifi yangu hakuiba. Nilimsingizia mbele ya watu bila ushahidi wowote, kwa hasira zangu tu. Nisamehe, Noreen."

"Nimekusamehe," alisema, na aliponishika mkono nadhani alimaanisha.

Kisha akamgeukia Bwana Outram.

"Umemsikia mwenyewe. Hakuna aliyeiba. Kijiko amekuwa nacho yeye siku zote."

Nilifungua mdomo kumtaja Clifford. Jina lilikuwa pale ulimini. Na nikaona uso wa Bwana Outram, na nikaelewa kwamba nimetoka kukiri, kwa kinywa changu na mbele ya mashahidi, kwamba mimi ni mtu wa kusingizia ndugu zangu; nikimtaja Clifford sasa, nani ataniamini?

Bwana Outram akachukua kalamu akaanza kuandika. Wifi yangu akavaa glavu zake, kidole kimoja kimoja, kule karakana chakula cha mume wake pengine kikiwa hakijapoa.